Kura ni Yako, Picha ni Yake

Kuna hekima moja ambayo hurudi maskani kila msimu wa kampeni, na kila anayeitoa huitoa kana kwamba ameibuni yeye jana usiku: kula kwao, kura kwetu. Maana yake twaijua sote. Mwanasiasa akileta mia mbili, pokea. Akileta tisheti, vaa. Akituma tuktuk ikubebe mpaka uwanjani, panda, kanywe soda yake, mpigie makofi, ucheze wimbo wake. Halafu siku ya kura simama nyuma ya kile kikadibodi umpe umtakaye. Nani atakuona? Yeye amekula hasara, wewe umekula bure.

Hekima hii ina wapinzani wake. Msikitini na kanisani twaambiwa hongo ni hongo, mtoaji na mpokeaji wote wamo. Wahariri nao hutupigia hesabu kila baada ya miaka mitano: gawanya mia mbili kwa siku za miaka mitano, utaona umejiuza kwa senti kumi na moja kwa siku. Hesabu ni sahihi, lakini sijamwona mtu wa Chaani wala Magongo aliyerudisha pesa kwa sababu yake.

Nadhani pande zote mbili zabishania kitu ambacho hakikuuzwa. Zote zaitazama kura. Mmoja asema imenunuliwa, mwingine asema haikununuliwa kwa sababu ni siri. Ni kweli kura ni siri, na anayetoa mia mbili pia ajua ni siri. Hawa si watu wajinga. Wangekuwa wanalipia kura tu, kitu wasichoweza kukihakiki, wangeacha zamani. Wanachopata kwa hakika ni kitu kinachoonekana na kuhesabika siku ileile, nacho ni umati. Na umati, ili uwe na thamani, wahitaji kamera. Ndiyo maana swali la kama ni haki kwenda kwenye mkutano wa mtu usiyemtaka, ukala chake na kurudi zako, haliwezi kujibiwa bila kumgusa mwandishi wa habari.

Tuchukue mfano ambao hauhitaji hata kuzungumzia hongo. Mwaka 2022 Mike Sonko alikuja kutaka ugavana wa Mombasa kwa tiketi ya Wiper, mgombea mwenza wake akiwa Ali Mbogo, wakati huo mbunge wa Kisauni. Sonko hakuwa mgeni wa kamera. Mwaka 2011, akiwa mbunge wa Makadara, alitolewa bungeni kwa kuvaa hereni na miwani ya jua, na habari hiyo ikasafiri mpaka ng'ambo. Alipokuwa seneta wa Nairobi aliunda Sonko Rescue Team, kikosi chenye ambulensi, magari ya kuzima moto na malori ya maji. Dhahabu shingoni, dhahabu vidoleni. Hata jina lenyewe kwa Sheng ni tajiri, yaani kila anayelitaja amtangaza.

Mwaka 2017 akawa gavana wa Nairobi. Januari 2018 naibu wake, Polycarp Igathe, akajiuzulu, na kaunti ikakaa bila naibu gavana kwa muda wote uliobaki wa Sonko ofisini. Februari 2020 akatia saini mkataba uliopeleka kazi kuu za kaunti kwa serikali ya kitaifa. Desemba 17, 2020, Seneti ikamwondoa. Yeye alizikana tuhuma. Sasa, kifungu cha 75 cha Katiba ya Kenya chasema mtu aliyeondolewa kwenye wadhifa kwa kukiuka masharti yale ya uadilifu hawezi kushika wadhifa mwingine wa Serikali. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza kama Sonko angeifaa Mombasa, kulikuwa na swali la kwanza: je, yuaruhusiwa?

Magazeti yaliripoti kesi hiyo, tena vizuri. Lakini kesi ilikaa kwenye habari za mahakama, na misafara, muziki na umati vikakaa kwenye habari za siasa, kana kwamba palikuwa na Sonko wawili. Mmoja alikuwa mtu ambaye sheria huenda ikamzuia. Wa pili alikuwa “anatikisa” Mombasa. Ebu viangalie vitenzi vya vichwa vya habari wakati wa kampeni, si kwake peke yake, kwa wote: mgombea hutikisa, huteka, hufunika, huvamia ngome. Katika vitenzi hivyo vyote sisi wakazi ndio tunaotikiswa, ndio tunaotekwa. Hakuna kitenzi cha kuonyesha mkazi akifanya jambo. Kilichobaki kwetu ni kufurika.

Julai 15, 2022, Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa ya Sonko, na jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura. Waliosimama juani wiki nzima nzima wakimshangilia walikuwa wameshangilia kitu ambacho hakikuwepo. Siwacheki. Wao walipewa sherehe, na sherehe hawakuambiwa ilikuwa na kasoro gani mahali ambapo wangeisikia.

Yaliyofuata yaonyesha zaidi. Agosti 8, siku moja kabla ya kura, IEBC ikaahirisha uchaguzi wa ugavana Mombasa na Kakamega kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa zikiwa na picha na maelezo yasiyo sahihi. Kura ikapigwa Agosti 29. Abdulswamad Nassir wa ODM akashinda kwa kura 119,083, Hassan Omar wa UDA akapata 98,108. Jumlisha wawili hao upate kama 217,000, kwenye kaunti yenye wapiga kura waliojisajili zaidi ya 640,000. Ni kama thuluthi moja. Na usiseme ni kuahirishwa tu, manake hata Agosti 9, siku ya kumchagua rais, Mombasa ndiyo iliyokuwa na idadi ndogo zaidi ya waliojitokeza nchini kwa asilimia. Hatukufika nusu.

Sasa zirudie picha za kampeni za mwaka ule, za mgombea yeyote. Mama Ngina imejaa. Tononoka imejaa. Barabara ya Magongo haipitiki. Ukizitazama picha hizo huwezi kuzitabiri hesabu hizi. Aidha picha zilidanganya, au zilikuwa zinapima kitu kingine ambacho sisi tulikisoma kama kura.

Mimi nashika la pili. Picha ya umati haidanganyi kuhusu umati. Watu walikuwepo kweli. Lakini yatumwa kwa watu ambao hawakuwepo. Yaenda kwa mkuu wa chama anayeamua tiketi apewe nani, na kwa tajiri anayetafuta wa kumfadhili. Yaenda pia kwa mpinzani, avunjike moyo, na kwa mtu wa Kisauni au Likoni aliyekaa kwake na simu, ambaye aiona Changamwe imejaa na kusema, kumbe wenzetu wameshaamua. Mtafiti Mmarekani Eric Kramon aliandika kitabu kizima, Money for Votes, akichunguza pia Kenya, na hoja yake yafanana na hii: pesa zinazogawiwa mikutanoni ni habari zaidi kuliko bei. Zamwambia masikini kwamba huyu ana uwezo na atamjali. Mimi naongeza tu kwamba habari hiyo haiishii uwanjani. Yavuka daraja.

Hapo ndipo hekima ya maskani yaanguka. Kura yako ni kweli ulibaki nayo. Lakini uliacha kitu kingine pale, mwili wako ukiwa ushahidi. Sura yako ndani ya tisheti ya rangi fulani yasema “namtaka huyu” kwa watu elfu ambao hutaonana nao, na siri ya kibanda cha kura haiwezi kuifuta sentensi hiyo. Kila dini iliyoko Changamwe yakataza ushahidi wa uongo, na yaukataza kwa sababu hii hasa, kwamba unaoumia ni mtu wa tatu ambaye hakuwepo kukuuliza.

Basi mwenda mkutanoni ana hatia? Kwa mtazamo wa haraka, ndiyo. Lakini shahidi hutoa ushahidi kwa kuulizwa na kujibu. Huyu hakuulizwa. Alikuja kwa sababu kibarua hakikupatikana, au wimbo ulikuwa mtamu, au alitaka kumwona mtu maarufu kwa macho, au mia mbili ilikuwa unga wa jioni. Hakusema anamuunga mkono mtu. Aliyesema ni aliyeandika chini ya picha: “Wakazi wa Changamwe wamuunga mkono fulani.” Uwepo ni wa mkazi, lakini maana ya uwepo imetiwa na mtu mwingine, aliye na kalamu, na ambaye hakumuuliza hata mmoja. Kama kuna ushahidi wa uongo hapa, umeandikwa kwa jina la shahidi bila yeye kujua.

Najua kuna atakayesema namwondolea mwananchi jukumu. Jukumu laenda na nafasi ya kuchagua, na Changamwe nafasi hiyo si pana. Kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, kilichoanza kazi 1963 na kulisha nyumba nyingi hapa, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Mwaka 2019 amri ya kupeleka makontena Nairobi kwa reli ya SGR ikawagonga madereva wa malori, makarani, mafundi, wauza chai wa kando ya barabara. Maji ya mfereji yakikatika twanunua kwa mitungi kwenye mkokoteni. Mtu katika hali hiyo akipokea mia mbili, ukimfanya yeye ndiye mwanzo wa ubovu wa siasa zetu utakuwa umeanza kuhesabu kutoka mwisho.

Wala silaumu sherehe yenyewe. Pwani ni mahali pa mwisho pa kuhubiri kwamba siasa iwe kavu. Muyaka bin Haji alizipigania siasa za Mombasa kwa mashairi miaka mia mbili iliyopita, kwa majigambo na kejeli mbele ya watu. Karne iliyopita vikundi vya lelemama vya kina mama wa Mombasa, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za kupigana vijembe, na watu walijitia gharama kubwa ili tu wasishindwe na wa pili. Hizo zilikuwa mbwembwe, tena za hali ya juu.

Lakini zilikuwa na sharti moja: zilijibiwa. Muyaka akitunga, wa upande wa pili alitunga. Kundi hili likitamba leo, lile litatamba wiki ijayo, na watazamaji, ambao walijua nani ni nani na nani ana deni la nani, ndio walioamua. Mtazamaji alikuwa hakimu aliyekaa karibu. Mkutano wa kampeni wa leo umeuchukua muziki wote wa ngoma zile na kuliacha jibu. Hakuna maswali kutoka uwanjani. Kipaza sauti kiko juu ya gari, nasi tuko chini. Nafasi ya pekee ambapo jibu lingeweza kuingia ni kwenye habari ya jioni, na huko twawekewa picha ya droni.

Droni nayo tuiseme. Picha ya kutoka angani ina uzuri wake, lakini kwayo huwezi kumwona mtu akiwa amekunja uso. Huwezi kumwona aliyelala kwenye kivuli cha lori, wala yule mzee aliyekuja na karatasi mkononi akitumaini kumpa mheshimiwa na hakufikiwa. Mara nyingi droni yenyewe ni ya mgombea. Timu yake yapiga, yakata, yaweka wimbo, na kuituma video kwenye kundi la WhatsApp la waandishi kabla mkutano haujaisha. Waandishi wengi wa mashinani hawana mshahara, hulipwa kwa habari iliyotumika. Nami nalipwa kwa kipande, kwa hivyo siongei nikiwa ghorofani. Video ya bure, iliyo tayari, inayopendeza, dhidi ya kusimama saa tatu juani ukiuliza watu maswali: twajua ipi itashinda. Hiyo ni sababu ya kueleweka. Lakini sababu ya kueleweka si ruhusa.

Kuna umati mwingine ambao twapaswa kuuweka kando ya huu. Mwaka 2019, baada ya ile amri ya makontena, watu wa Mombasa walianza kuandamana kila Jumatatu. Waliziita Black Monday. Walivaa nyeusi, walipiga kelele, walitaka kamera ziwaone, walipigwa vitoa machozi. Ilikuwa sherehe ya aina yake pia, ya hasira. Tofauti ni kwamba ungemkamata yeyote katikati ya umati ule ukamuuliza umekuja kwa nini, angekujibu kwa sentensi moja: makontena yarudi bandarini. Picha yao ilikuwa na maneno yao ndani yake. Ikachukua muda, ikawa ahadi ya kampeni ya 2022, na Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi bandarini. Mnaweza kubishana ni nani aliyefaidika na kama ilitosha. Lakini umati ule ulipata jibu kwa sababu ulikuja na swali.

Kwa hivyo kipimo changu cha habari ya kampeni ni kimoja: je, umati huu ulikuja na swali gani, na swali hilo limo kwenye habari? Kama halimo, mwandishi ametuletea tangazo, hata kama hakulipwa.

Wataniambia kwamba kazi ya mwandishi ni kuripoti kilichotokea, na umati ulitokea. Sawa, aripoti. Lakini vilitokea vingi. Ilitokea kwamba msafara ule ulikuwa na magari kadhaa na mafuta yake yalinunuliwa na mtu. Hapo kuna habari kubwa imelala, kwa sababu Kenya ina Sheria ya Ufadhili wa Kampeni tangu 2013 ambayo haijawahi kuuma. Uchaguzi wa 2017 ulipita imesimamishwa, na mwaka 2021 IEBC ilipochapisha kanuni zenye viwango vya matumizi, Bunge la Taifa likazikataa. Yaani wale wenye misafara ndio waliopiga kura kwamba misafara isihesabiwe. Mwandishi akihesabu magari ili kutuonyesha ukubwa wa mgombea, kwa nini asiihesabu na gharama yake akamuuliza imetoka wapi? Ni magari yaleyale.

Ilitokea pia kwamba watu waliondoka na kurudi makwao. Arudi huko wiki ya pili. Aulize watu kumi waliokuwepo: ulikuja kwa nini, ulitaka kumwambia nini, ulipata nafasi? Haitakuwa picha nzuri. Wengine watacheka, wengine watasema walifuata muziki. Lakini itakuwa habari ya kwanza ambamo wakazi wa Changamwe wamesema jambo badala ya kufurika.

Kwetu sisi tusio na kalamu ya gazeti nasema machache, manake sitaki kugeuka kuwa mhubiri wa senti kumi na moja. Ukienda, nenda. Lakini usijidanganye kwamba umeondoka na kila ulichokuja nacho. Na kama umeshafika, basi fika na sentensi moja ambayo ungeitoa mtu akikuwekea simu mdomoni. Maji ya Chaani lini. Vijana wetu bandarini wangapi. Iseme kwa nguvu, iseme hata wimbo ukiwa juu. Mwenye simu siku hizi ni kila mtu, na video ya mkazi mmoja akiuliza swali ambalo mheshimiwa hakulijibu yaweza kwenda mbali kama ile ya droni.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Misafara itapita tena Magongo, wimbo mpya utatungwa, na atakayesema kula kwao, kura kwetu atasema kana kwamba ni yeye aliyeanza. Mia mbili huenda ikawa mia tatu. Nitakayemtazama mimi si anayepokea. Nitamtazama aliye na kamera, nione kama atashuka chini ya ile gari na kumuuliza mtu jina lake, na alichokuja kukitaka.